Namna ya Kuandaa Kikao cha Fasihi juu ya Maisha ya Yi Kwang-su

Mwongozo huu ni kwa walimu, wanachuo na viongozi wa vikundi vya usomaji wa Mtwara na Lindi ambao wamezoea kuwajadili waandishi wa Kiswahili na wa Afrika, na sasa wangependa kumjadili mwandishi wa mbali kwa uzito ule ule. Mwandishi mwenyewe ni Yi Kwang-su wa Korea, aliyezaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1950. Riwaya yake iitwayo Mujong, iliyotoka gazetini mwaka 1917, huhesabiwa na wengi kuwa riwaya ya kwanza ya kisasa katika lugha ya Kikorea. Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yanaleta swali ambalo watu wa kusini wanalifahamu kwa historia yao wenyewe: mtu anayeandika kwa lugha ya watu wake, huku nchi ikiwa mikononi mwa wageni, anaandika kwa ajili ya nani, na kwa kibali cha nani?

Mazungumzo mengi juu ya Yi Kwang-su huharibika kwa sababu msimulizi ameyakata maisha yake vipande viwili. Kipande cha kwanza kinakuwa cha kijana mzalendo aliyeandika tamko la uhuru, na cha pili kinakuwa cha mzee aliyewahimiza vijana wa nchi yake waende kufa katika vita vya mtawala wao. Wasikilizaji wakipokea vipande hivyo bila kiungo, wataishia kubishana kama alikuwa shujaa au msaliti, na hakuna atakayejifunza lolote juu ya uandishi wake. Ushauri wangu ni mmoja, na ndio utakaouona ukirudi katika mwongozo huu wote: fuata magazeti. Karibu kila kazi kubwa ya Yi Kwang-su ilitoka kwanza katika gazeti au jarida, na ukiuliza kila mara ni gazeti la nani, lilitoka katika lugha gani na lilisomwa na akina nani, maisha yake yataonekana kuwa njia moja yenye kona nyingi.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Panga kikao kati ya Aprili na Septemba. Msimu wa korosho ukishaanza, yaani kuanzia Oktoba, watu wengi wako mashambani au wanafuatilia minada, na si haki kumdai mtu kurasa za kusoma wakati kipato chake cha mwaka mzima kiko ghalani. Jumamosi saa kumi alasiri ni wakati mzuri, na saa mbili zinatosha ikiwa mwongozaji amejiandaa.

Hakikisha kwanza umelielewa jina. Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Yi ndilo jina la ukoo, na Kwang-su ndilo jina alilopewa. Tahajia zake kwa herufi za Kilatini ni nyingi: utakutana na Yi Kwang-su, Yi Gwang-su na Lee Kwang-soo, na wote hao ni mtu mmoja. Alitumia pia jina la kalamu la Chunwon. Ziandike tahajia hizi zote juu ya karatasi ya matayarisho, kwa kuwa mshiriki atakayetafuta habari zake kwa simu anaweza kudhani amepata watu watatu tofauti.

Kuhusu matini, Mujong ina tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2005. Mwongozaji anapaswa kuisoma yote. Washiriki hawahitaji kuisoma yote. Andika kwa Kiswahili chako mwenyewe muhtasari wa ukurasa mmoja wa sura za mwanzo na ukurasa mwingine wa sura za mwisho, utoe nakala, na uzigawe wiki moja kabla. Ukitoa nakala za mambo mengi zaidi ya hayo, watu watafika wakiwa hawajasoma chochote.

Andaa pia bango. Chukua karatasi mbili za manila, uziunganishe kwa gundi, na uchore safu nne zenye vichwa hivi: mwaka, gazeti, mwenye gazeti, lugha. Usilijaze bango nyumbani. Acha mistari mitupu, kisha washiriki wenyewe wajaze mstari mmoja mmoja kadiri simulizi linavyosonga. Mtu aliyesimama mbele ya wenzake akaandika kwa mkono wake kwamba gazeti lililochapisha riwaya kuu ya Kikorea lilikuwa la serikali ya kikoloni ya Japani hatalisahau jambo hilo kirahisi.

Anza na mwaka 1905

Vijana wengi wa sasa wameijua Korea kupitia tamthilia za televisheni, zenye makasri ya kale, mashujaa wa farasi au maghorofa ya Seoul ya leo. Mambo ya Yi Kwang-su yako katikati ya picha hizo mbili, na njia fupi ya kuwafikisha wasikilizaji huko ni mwaka 1905, ambao kusini mwa Tanzania hauhitaji maelezo marefu. Julai mwaka huo vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Matumbi, na kufikia Agosti vilikuwa vimefika Liwale na Nyangao. Novemba ya mwaka huo huo, Japani iliilazimisha Korea kukubali mkataba uliompokonya mtawala wake mamlaka juu ya mambo ya nje, na Agosti 1910 ikaitwaa nchi nzima, ikaitawala hadi tarehe 15 Agosti 1945.

Ukishaweka tarehe hizo ubaoni, eleza mara moja mahali ambapo historia hizi mbili hazifanani, maana ulinganisho uliolazimishwa huwapotosha watu. Korea ilikuwa ufalme mmoja chini ya ukoo wa Joseon tangu 1392. Ilikuwa na mwandiko wake, Hangul, uliotangazwa mwaka 1446, ingawa wasomi wake waliendelea kwa karne nyingi kuandika kwa herufi za Kichina na kuiachia Hangul wanawake na watu wa kawaida. Mkoloni wake alikuwa jirani wa ng'ambo ya mlango wa bahari, ambaye shule zake vijana wa Korea walizitamani kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na ndizo zilizokuwa na elimu mpya. Kijana wa Kikorea aliyetaka kuijenga nchi yake upya alikwenda kusoma Tokyo, kwa yule yule aliyekuwa akiinyang'anya. Bila kulielewa jambo hili, hakuna atakayemwelewa Yi Kwang-su.

Utoto na masomo: pita haraka, lakini usiruke

Yi Kwang-su alizaliwa Jeongju, katika mkoa wa Pyongan Kaskazini, sehemu ambayo leo iko Korea Kaskazini. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, wazazi wake wote wawili walikufa kwa kipindupindu. Yatima huyo alichukuliwa na wafuasi wa Donghak, dini iliyozaliwa Korea yenyewe, na kupitia mtandao wao akapata ufadhili wa kwenda kusoma Japani mwaka 1905. Dakika tano zinatosha kuyaeleza haya, mradi wasikilizaji washike jambo moja: tangu utotoni riziki na elimu yake zilitegemea hisani ya watu wengine, na wafadhili wake walibadilika mara nyingi.

Mjini Tokyo alisoma Meiji Gakuin, shule iliyoanzishwa na wamisionari, na huko ndiko alikosoma kazi za Tolstoy kwa shauku kubwa. Mwaka 1909 akachapisha hadithi fupi katika jarida la shule hiyo, juu ya mwanafunzi mpweke wa Kikorea anayetamani kupendwa na mwenzake wa Kijapani. Hadithi hiyo iliandikwa kwa Kijapani. Mwite mshiriki wa kwanza aje kwenye bango aandike: 1909, jarida la shule, shule ya misheni ya Tokyo, Kijapani. Usieleze bado kwa nini mstari huu ni muhimu.

Mwaka 1910 alirudi kwao Jeongju kufundisha katika shule ya Osan, iliyoanzishwa mwaka 1907 na mfanyabiashara mzalendo, Yi Seung-hun. Alifundisha huko miaka michache, akatangatanga hadi Shanghai, Vladivostok na Chita katika Siberia, na mwaka 1915 akarudi Japani kusoma katika Chuo Kikuu cha Waseda. Onyesha safari hizi kwenye ramani ya dunia ya ukutani. Walimu waliokaa nawe watamwelewa mara moja kijana aliyefundisha shule ya kijijini kwa moyo, akachoka, kisha akaenda kujiendeleza.

Mujong: hapa ndipo pa kukaa

Tarehe 1 Januari 1917, gazeti la Maeil Sinbo lilianza kutoa Mujong kwa mfululizo, na hadi tarehe 14 Juni lilikuwa limetoa sehemu 126. Mwandishi alikuwa mwanafunzi wa umri wa miaka ishirini na minne. Maeil Sinbo lilikuwa gazeti la lugha ya Kikorea lililomilikiwa na serikali ya kikoloni yenyewe, kwani magazeti huru ya Wakorea yalikuwa yamefungwa. Mwite mshiriki wa pili ajaze mstari huu, kisha waache watu watulie na kuutazama.

Ili mstari huo usihukumiwe haraka, wakumbushe Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, likaanza kutoka mwaka 1923, na bado kurasa zake zilibeba mashairi ya washairi wetu wengi wakubwa, Shaaban Robert akiwamo. Mtu anaweza kuandika jambo zito la watu wake katika karatasi isiyo yao. Swali ni anapata nini na anatoa nini, na ndilo swali ambalo kikao hiki kinapaswa kulishughulikia.

Baada ya hapo soma muhtasari wa sura za mwanzo kwa sauti. Riwaya inaanza na Yi Hyong-sik, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Seoul, ambaye amemaliza kipindi chake cha saa nane mchana na sasa anatembea huku akitoka jasho katika jua kali la Juni, akielekea nyumbani kwa mzee wa kanisa aitwaye Kim. Ameajiriwa kumfundisha Kiingereza Son-hyong, binti wa mzee huyo, anayejiandaa kwenda kusoma Marekani. Njiani mwalimu huyu, ambaye hajawahi kukaa karibu na msichana asiye ndugu yake, anahangaika na mambo madogo kabisa: watakaa vipi, meza itakuwa kati yao au la, atamsalimuje, na pumzi yake itanukaje. Mwelekeze msomaji asome sehemu hii polepole. Kabla ya hapo hadithi za Korea zilisimulia matendo ya mabinti wema na mashujaa. Hapa msomaji wa gazeti alikutana na mtu wa kawaida, aliyevaa mavazi ya siku hizo, ambaye mawazo yake yanasikika kutoka ndani, kwa Kikorea kilicho karibu na kile kinachozungumzwa, na kilichochapwa kwa Hangul.

Upande wa pili wa riwaya ni Yong-chae, binti wa mwalimu wa zamani aliyemlea Hyong-sik alipokuwa yatima. Baba yake alifungwa, na binti akajiuza awe kisaeng, yaani mwanamke wa kuburudisha wanaume kwa nyimbo na mazungumzo, akitumaini kupata fedha za kumkomboa. Kwa miaka mingi alijitunza akimngoja Hyong-sik, kisha akanajisiwa na wanaume wenye cheo, akapanda treni ya Pyongyang akiwa na nia ya kujiua. Mwongozaji wa kikundi cha wanafunzi aliseme jambo hili kwa maneno ya wazi na ya heshima, bila kulipamba na bila kulificha, na asimruhusu mtu yeyote kumlaumu binti. Ndani ya treni Yong-chae anakutana na Pyong-uk, msichana anayesoma Japani, ambaye anamwambia kwamba maisha yake hayakuwa mali ya baba wala ya mchumba aliyemchagulia, na kwamba anayo haki ya kuishi kwa ajili yake mwenyewe. Katika vikao vyenye akina mama, mazungumzo marefu zaidi huwa hapa. Yape nafasi, hata kama ratiba itavunjika.

Sura za mwisho zinawakutanisha vijana hawa wote katika treni ya kuelekea kusini, wakiwa njiani kwenda kusoma nchi za nje. Mafuriko yanaikata reli na treni inasimama Samnangjin. Hapo wanawaona wanavijiji waliopoteza nyumba na mashamba, wanamsaidia mwanamke mjamzito aliyekamatwa na uchungu kwenye mvua, kisha wasichana watatu wanaandaa onyesho la muziki katika chumba cha abiria pale stesheni na kuchangisha fedha kwa ajili ya waathirika. Msikilizaji aliyekwama Somanga Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa jinsi safari iliyokatika inavyowafanya abiria watazamane kwa mara ya kwanza. Mwulize aliona nini barabarani siku hizo, kisha rudi kwenye riwaya: Hyong-sik anawauliza wenzake watu hawa watasaidiwaje, na jibu wanalokubaliana ni elimu na sayansi.

Jibu hilo lijadiliwe kwa makini. Ni zuri na linagusa, lakini tazameni lilivyoacha jambo moja. Hakuna kijana hata mmoja pale stesheni anayeuliza nani anaitawala nchi hiyo na kwa nini wakulima wake ni maskini kiasi hicho. Katika gazeti la serikali swali hilo lisingechapishwa. Hata hivyo, maandishi ya baadaye ya Yi Kwang-su, yaliyotoka katika magazeti mengine, yanaonyesha kwamba yeye mwenyewe aliamini kweli kuwa tatizo la kwanza la Wakorea lilikuwa ndani yao. Kwa maoni yangu mbegu ya mambo yote yaliyofuata imo katika sura hizi za mwisho, na ndiyo maana ninasisitiza zisomwe kabla ya kugusa siasa zake.

1919 na baada yake

Sehemu hii huwa na mwendo wa kasi. Mwaka 1918 alikwenda Beijing na Heo Young-suk, mwanamke aliyesomea udaktari Tokyo na aliyemwuguza alipokuwa na kifua kikuu, ilhali Yi alikuwa bado na mke aliyemwoa mwaka 1910. Alirudi Tokyo na kuandika rasimu ya tamko la uhuru lililosomwa na wanafunzi wa Kikorea katika jiji hilo tarehe 8 Februari 1919, wiki chache kabla ya maandamano makubwa ya tarehe 1 Machi ndani ya Korea. Tamko liliposomwa, yeye alikuwa amekwisha ondoka kwenda Shanghai, ambako alihariri Tongnip Sinmun, gazeti la serikali ya muda ya Wakorea waliokuwa uhamishoni. Mstari wa tatu wa bango ujazwe hapo: gazeti la wapigania uhuru, kwa Kikorea, nje ya nchi. Mwanzoni mwa miaka yake ya uandishi, huu ndio mstari ambao mwenye gazeti na lugha yake ni kitu kimoja.

Mwaka 1921 aliacha uhamisho akarudi nyumbani, na akafunga ndoa na Heo Young-suk. Polisi walimkamata kisha wakamwachia, na wengi wakaanza kumshuku. Mei 1922 akachapisha katika jarida la Gaebyeok makala ndefu juu ya kuujenga upya umma wa Korea, akidai kwamba taifa limedhoofika kwa sababu ya tabia mbovu za watu wake na kwamba tiba yake ni kazi ndefu ya kurekebisha maadili, mbali na siasa. Wasomaji wengi walikasirika. Akajiunga na Dong-a Ilbo, moja ya magazeti ya Wakorea yaliyoruhusiwa kuanzishwa mwaka 1920, na Januari 1924 makala iliyohimiza shughuli za kisiasa ndani ya mipaka iliyoruhusiwa na sheria za mkoloni ilisababisha gazeti hilo kususiwa.

Hata hivyo, miaka ya Dong-a Ilbo ndiyo iliyomfanya apendwe na wasomaji wengi. Riwaya za kihistoria zilifuatana, mojawapo ikiwa juu ya jemadari Yi Sun-sin, na mwaka 1932 hadi 1933 ikatoka ile iitwayo Heuk, yaani Udongo, juu ya wakili anayeacha maisha ya mjini ili akaishi na wakulima kijijini. Wakati huo gazeti hilo lilikuwa likiendesha kampeni ya kuwapeleka wanafunzi vijijini wakati wa likizo kufundisha watu kusoma. Kama kuna mzee katika kikao aliyefundisha au kufundishwa katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, mpe nafasi aseme mambo mawili matatu. Mwaka 1933 Yi Kwang-su alihamia Chosun Ilbo, na unaweza kuvuka haraka hadi 1937.

Miaka ya giza, na namna ya kuisimulia

Hapa mwongozaji ashushe sauti na atoe tarehe moja moja, bila vivumishi. Juni 1937 Yi Kwang-su alikamatwa pamoja na wanachama wengine wa chama cha kujenga maadili kilichohusiana na Ahn Chang-ho, kiongozi aliyemheshimu kuliko wote. Akiwa mgonjwa, aliachiwa kwa dhamana. Machi 1938 Ahn Chang-ho akafariki. Mwaka 1939 Yi Kwang-su akawa mwenyekiti wa chama cha waandishi kilichoundwa kuunga mkono vita vya Japani. Mwaka 1940, Wakorea waliposhinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, akajiita Kayama Mitsuro. Mwaka 1941 mahakama ikamwona hana hatia katika kesi ya 1937. Mwishoni mwa 1943 akasafiri hadi Tokyo kuwashawishi wanafunzi wa Kikorea wajiandikishe katika jeshi la Japani.

Sasa mwite mshiriki ajaze mstari wa Februari 1940. Makala ambayo Yi Kwang-su aliitumia kueleza kwa nini amebadili jina lake, akijitangaza kuwa raia wa mfalme mkuu wa Japani, ilitoka katika Maeil Sinbo, gazeti lile lile lililotoa Mujong miaka 23 kabla. Dong-a Ilbo na Chosun Ilbo yote mawili yakafungwa Agosti mwaka huo. Mwombe mtu avute mstari kwa kalamu kutoka 1917 hadi 1940, kisha asome kwa sauti safu ya mwenye gazeti kuanzia juu hadi chini. Rudini pia kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule wa 1909, mwone kwamba lugha ya Kijapani, ambayo aliandika nayo mengi katika miaka hii, ilikuwa naye tangu ujana.

Mtu mmoja hakika atauliza angefanya nini kingine, mgonjwa kama alivyokuwa na kesi ikiwa juu ya kichwa chake. Swali hilo ni la haki na lijibiwe kwa mifano ya watu. Han Yong-un, mtawa wa Kibuddha na mshairi, alikataa kushirikiana na utawala huo hadi alipofariki mwaka 1944. Yun Dong-ju, mshairi kijana aliyeandika kwa Kikorea, alifia katika gereza la Fukuoka tarehe 16 Februari 1945, miezi sita kabla ya ukombozi. Njia nyingine zilikuwapo, na gharama yake ilikuwa kubwa. Pande zote mbili za jibu hilo zisemwe katika pumzi moja.

Baada ya ukombozi, mwaka 1948, Yi Kwang-su aliandika maungamo yake akidai kwamba alitenda yote kwa ajili ya kulihifadhi taifa. Februari 1949 alikamatwa chini ya sheria ya kuwaadhibu waliolisaliti taifa, akaachiwa kwa sababu ya ugonjwa, na kesi haikuendelea. Vita vya Korea vilipozuka, alichukuliwa na jeshi la Kaskazini Julai 1950, akafariki mwaka huo huo. Mjadala haukufa naye. Mwaka 2009 jina lake liliingizwa katika kamusi ya watu walioshirikiana na Japani, na mwaka 2016 chama cha waandishi wa Korea Kusini kilipopanga kuanzisha tuzo kwa jina lake, upinzani ulikuwa mkali hadi mpango ukaachwa.

Kuongoza majadiliano

Katika vikao vyetu vijana huwangoja wazee waseme kwanza, na wazee nao, kwa adabu, huwaachia waalimu. Ukiacha mambo yajipange yenyewe, mtazungumza watu watatu tu. Wagawe washiriki katika vikundi vidogo vyenye umri mchanganyiko, kila kikundi kipewe mistari miwili ya bango, na kijadili kwa dakika kumi na tano swali hili: katika mistari hii miwili, mwandishi alipata nini ambacho asingekipata kwingine, na aliacha kusema nini? Kisha kijana ndiye atoe taarifa ya kikundi, na mzee aongezee.

Usipigishe kura ya shujaa au msaliti. Wakianza wenyewe, waombe waonyeshe mstari wa bango wanaoutegemea. Mara nyingi mtu akilazimika kunyoosha kidole kwenye mwaka fulani, hukumu yake hupata sura: atasema kwamba anaikubali Mujong, anaipinga makala ya 1922, na hawezi kuisamehe safari ya 1943. Huo ndio usomaji tunaoutaka. Kwa upande wangu, nasimama na wale wanaosema riwaya isomwe na jina lake lisitukuzwe, na mwongozaji ana haki ya kutoa msimamo wake kama mimi, ila autoe mwishoni, wengine wakishasema.

Kabla ya kuachana, kila mshiriki aandike aya moja ya Kiswahili sanifu juu ya mstari mmoja wa bango, isiyozidi nusu ukurasa, na mwongozaji azikusanye ziwe wasifu mmoja ulioandikwa na watu wengi. Ziharirini kwa pamoja katika kikao kinachofuata. Msilitupe bango. Mwezi unaofuata, chora safu nne zile zile kwa ajili ya Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi wa vita vya Majimaji wakati Wajerumani wangali wanatawala, na ambaye wasomi wanaendelea kuuliza alisimama upande gani. Gawa beti za mwanzo za utenzi huo wiki moja kabla, kama ulivyogawa muhtasari wa Mujong, na uwatafute wazee wa Lindi wanaoweza kuzisoma kwa mahadhi yake.